Mashine Isiyojua Makemba

Sisi tunaoandika haya ni wazee wawili wa Kambove, mume na mke, nasi tumekaa pamoja miaka mingi hata hatujui tena neno lipi lilisemwa na nani. Basi, wasomaji wapenzi, mtatuvumilia tukisema “sisi” tangu mwanzo hata mwisho.

Mwezi wa Novemba mwaka 2023 tulikwenda Ubelgiji, mjini Brussels, kumtazama binti yetu aliyejifungua mtoto wa pili. Juu ya ndege na baridi hatutasema kitu, wengine wamekwisha kuyaeleza vizuri kuliko sisi. Tunataka kusema juu ya mashine moja ya dukani, kwa kuwa ilitutia katika deni, na deni lile hatujaweza kulilipa hata leo.

Binti yetu anakaa Schaerbeek. Siku ya nne tangu tufike akatamani makemba. Mzazi akitamani chakula hapewi maneno, hupewa chakula. Wakongomani wa Brussels hupenda kununua makemba Matonge, katika Ixelles, mtaa uliopata jina lake kwa Matonge ya Kinshasa. Lakini siku ile mvua ilikuwa nyingi, na karibu na nyumba palikuwa na duka kubwa. Tukatwaa mwavuli na noti ya euro 20, tukaenda.

Kuingia hakukutusumbua. Kupita kati ya rafu na kujichukulia vitu tumekwisha kukuona hata Lubumbashi. Tukachukua makemba, chumvi, maziwa na kopo la nyanya. Taabu ilikuwa mlangoni pa kutokea. Mahali pa kulipia palikuwa pengi, lakini penye mtu palikuwa pamoja tu, na mstari wake ulifika hata penye mikate. Pengine pote palikuwa na mashine.

Kwa ajili ya wale ambao hawajaiona, tueleze. Ni kama kabati fupi lenye kioo kinachong’aa. Unakamata kitu ulichochagua, unageuza-geuza mpaka uvione vile vistari vyeusi, unavipitisha juu ya taa nyekundu. Mashine inalia “pii,” na bei inaonekana. Kisha unakiweka kitu upande wa pili, na pale chini imefichwa mizani. Mashine inajua uzito wa kila kitu. Ikiona uzito si ule inaoutazamia, inasimama na kuita watu. Ukimaliza unalipa, unapewa risiti, nayo risiti unaionyesha kwa lango dogo ndipo lifunguke. Yaani wewe ndiwe mnunuzi, ndiwe muuzaji, ndiwe mpokea fedha, na mshahara hakuna.

Mashine ya kwanza tuliyoiendea ilikataa noti yetu, maana ilikuwa ya kadi tu. Ya pili ilitaka tuchague lugha. Kidole cha mzee ni kinene, kikagusa Kiflama badala ya Kifaransa, na mashine ikaanza kutusemesha Kiflama kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. Tulicheka kidogo. Wabenedikto waliofika Katanga tangu mwaka 1910 walitoka katika abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Brugge, na sisi katika utoto wetu tulimjua padri mzee mmoja ambaye Kiflama chake tulikisikia siku za hasira tu. Kwa hiyo tukadhani mashine imekasirika.

Haikuwa imekasirika bado. Ilikasirika mama alipoweka mkoba wake juu ya ile mizani ili apumzishe mkono. Taa ikageuka nyekundu, sauti ikatangaza kwamba kuna kitu kisichojulikana mahali pa kuwekea vitu. Watu nyuma yetu wakatazama. Mtu wa Kambove akitazamwa hivyo sokoni, ndugu zake wanaitwa! Msichana mmoja akaja na kadi shingoni, akagusa kioo, akaondoka bila salamu. Hatukumhesabia kosa. Alikuwa na mashine nane za kulinda, na tatu zilikuwa zinalia pamoja kama watoto wa mama mmoja.

Ndipo yakaja makemba. Makemba hayana vistari. Mashine inataka uguse picha yake katika kioo. Tukatafuta. Tukaona matofaa ya namna nne, tukaona vitunguu, tukaona mizizi ambayo hata jina hatuijui. Makemba hayakuwapo. Nyuma yetu mtu akashusha pumzi, na kila mzee anajua pumzi ya namna hiyo maana yake nini. Palikuwa na picha ya ndizi za manjano.

“Hayo si makemba,” akasema mama.

“Lakini ni ndugu zake,” akasema mzee, akagusa.

Mashine ikapima kilo 1 na nusu, ikatushukuru. Tukalipa, lango likafunguka, tukarudi na furaha kama watu waliovuka mto.

Jioni, makemba yalipokwisha kuliwa, binti yetu akasoma risiti. Mashine ilikuwa imehesabu ndizi kwa euro 1 na senti 80 kilo moja. Bei ya makemba, tuliyoiona wenyewe juu ya rafu, ilikuwa euro 3. Akapiga hesabu: tulilipa euro 2 na senti 70 mahali pa euro 4 na senti 50.

“Baba, mama, mmeiba,” akasema akicheka mpaka mtoto akaamka.

Sisi hatukucheka. Hapa wengine watatuona wajinga, na watusamehe. Tulijua vema kwamba penye kutokukusudia hapana wizi. Lakini jioni ile tulikuwa tumekwisha kujua, na katekisimu tuliyofundishwa inasema kitu cha mwenzio ukikijua kuwa ni cha mwenzio, kirudishe. Haisemi kianzie kiasi gani. Usiku ule, mzee akigeuka, mama alikuwa macho. Mama akigeuka, mzee alikuwa macho.

Asubuhi tulimwuliza binti yetu ni nani aliyebuni mambo haya, naye akatafuta katika simu akatusomea. Zamani mnunuzi alisimama mbele ya meza, akataja haja yake, na mwenye duka akamletea. Mwaka 1916, mjini Memphis katika Marekani, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, akawaacha watu wajichukulie wenyewe. Alihitaji vijana wachache wa kazi, akaweza kupunguza bei. Huko Brussels, kwenye uwanja wa Flagey, Delhaize walifungua supamaketi ya namna hiyo mwaka 1957. Mwaka 1974, katika jimbo la Ohio, vile vistari vyeusi vilisomwa dukani mara ya kwanza, juu ya paketi ya chingamu. Na mwaka 1986, karibu na Atlanta, mnunuzi akaachiwa na kazi ya mwisho iliyobaki, ya kujihesabia. Kila mara muuzaji alitukabidhi kipande cha kazi yake. Hatusemi ni ubaya mtupu. Mwenye mkate mmoja na haraka ya treni anapita upesi, naye binti yetu akiwa peke yake anamaliza kabla sisi hatujafungua mkoba.

Tukarudi dukani na euro 1 na senti 80 katika kitambaa. Msichana wa jana hakuwapo. Alikuwapo kijana mmoja mpole, tukamweleza yote kwa Kifaransa cha shule. Alisikiliza, akaitazama risiti, akasema, “Acha tu, madamu.” Mama akasema hawezi kuacha. Kijana akaeleza kwamba mashine haipokei fedha bila kitu cha kuuzwa. Ili kusahihisha, yafaa tuyarudishe makemba, ahesabu upya. Tukamwambia makemba yameliwa. Akafikiri. Akamwendea mkubwa wake, akarudi, akasema kwa upole uleule kwamba kila siku vitu vingi vinatoka bila kulipwa, wengine kwa kukosea na wengine kwa kusudi, na duka limekwisha kuvihesabu vyote katika hasara yake. Kwa hiyo tusiwe na wasiwasi.

Kumbe hilo ndilo lililotuumiza. Alidhani anatufariji. Lakini maana yake ni kwamba kabla hatujaingia, kabla hatujatoka Kambove hata, mahali fulani palikuwa na hesabu, na katika hesabu ile mzee na mama walikwisha kuandikwa pamoja na wezi. Na kufutwa hakuna, maana mashine haina kidole cha kufuta.

Tukienda kwa miguu katika mvua tulimkumbuka mama wa unga.

Mwaka 2003, katika migodi ya Katanga, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mzee alikuwa mmoja wao. Fedha tuliyopewa iliingia katika madeni na karo za shule kama maji mchangani, na mwaka uliofuata hatukuwa na kitu. Siku moja mama alikwenda sokoni Kambove na kikapu kitupu, si kununua, ila asionekane na watoto akikaa bure. Mama wa unga akamwita. Alikuwa anapima unga wa mahindi kwa meka, kile kipimo cha bati ambacho kila nyumba ya Katanga inakijua. Hakuuliza kitu. Alimtazama usoni, akapima meka tatu, akatia katika kikapu. Kisha, juu ya meka ya tatu, akaongeza konzi moja ya matabishi, kama kwa mnunuzi mwenye fedha mkononi!

“Peleka tu, mama. Mukipata, mutaleta.”

Tulikula bukari jioni ile. Tulipata fedha baada ya miezi minne, tukampelekea. Alikuwa amesahau ni meka ngapi, au alisema hivyo. Sisi tulijua ni tatu, tukalipa tatu. Hiyo konzi ya nne haikuwa na bei.

Binti yetu alisema tusilinganishe, maana mama wa unga ana watu mia na duka lile lina watu maelfu. Ni kweli. Lakini alitusomea tena katika simu kwamba hata wenye maduka wengine wamegeuka. Kule Uholanzi, duka la Jumbo katika Vlijmen lilianza mwaka 2019 mahali pa kulipia pa watu wasio na haraka, wanaotaka kuongea kidogo na mpokea fedha, kwa kuwa wazee wengi wanakaa peke yao. Baadaye wakakusudia kuzifikisha 200. Na Uingereza, mwezi uleule tuliokuwa Brussels, maduka ya Booths yalitangaza kuondoa mashine za kujilipia karibu zote na kurudisha watu. Mama alipenda sana ile habari ya Waholanzi. Alisema kama tungepata pa namna ile, angeeleza habari ya makemba mpaka duka lifungwe.

Kabla ya kurudi nyumbani tulikwenda Matonge siku moja, jua likiwaka kidogo. Mwanamke wa Bukavu alituuzia makemba, akatuita papa na mama, akauliza mtoto ni wa kiume au wa kike, akadai bei kubwa kuliko ya duka lile. Tulimlipa bila kubishana, jambo ambalo mama hakulifanya tangu aolewe.

Zile sarafu nne, ya euro 1, ya senti 50, ya senti 20 na ya senti 10, zimo katika kikombe kisicho na mkono, kabatini, Kambove. Wajukuu wanazitaka kwa kuchezea. Tunawaambia, “Acheni, ni za watu.”

Juzi binti yetu alipiga simu. Alisema mashine sasa imefundishwa makemba, yana picha yake katika ukurasa wa pili, upande wa kushoto. Tukamwuliza bei. Akasema imepanda. Mzee akatazama kikombe, akauliza kama yafaa kuongeza. Mama akasema hapana, bei ya siku ile ni bei ya siku ile.