Uongo Niliousema kwa Ajili ya Mbwa

Mpenzi msomaji, kabla hujanihukumu, nisikilize kwanza. Mimi nililelewa mahali ambapo mbwa hulala nje na kazi yake ni kufukuza wezi. Hivyo, nilipomtembelea binamu yangu huko California, Marekani, nilistaajabu kuona mbwa wake mdogo akivishwa kizibao chekundu chenye maandishi kwamba ni mbwa wa kumsaidia mlemavu. Binamu yangu ni mzima kama kengele. Kizibao alikiagiza tu ili asizuiwe kuingia naye madukani.

Siku moja alinituma supamaketi na mbwa huyo. Mlangoni mhudumu aliniuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kufanya kazi gani? Nikajibu ndiyo, kisha nikabuni kwamba hunisaidia ninaposhikwa na kifafa. Akanipisha. Chini ya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, hayo ndiyo anayoruhusiwa kuuliza. Hawezi kudai cheti, wala kukuuliza unaugua nini.

Ndani, karibu na mikate, tulikutana na mzee kipofu akiongozwa na mbwa wake. Wetu alimrukia huku akibweka. Mbwa wa mzee hakujibu, lakini alisita, akageuka, na mzee akagonga rafu kwa paji la uso. Alisimama pale akipapasa hewani.

"Kuna nini? Mbwa wangu ameumia?" akauliza kwa sauti ya chini.

Sikuwa na jibu. Nilimtia mbwa wetu kwapani nikatoka mbio, kikapu nikakiacha papo hapo.

Jioni binamu yangu alicheka sana. Mumewe hakucheka. Alinieleza kwamba kulingana na kifungu 365.7 cha sheria za jinai za California, anayedanganya hivyo anaweza kufungwa jela hadi miezi sita, kutozwa faini ya hadi dola 1,000, au yote mawili. Hebu fikiria, mimi mgeni wa viza! Mwenye duka naye hakusazwa: akimzuia kipofu kuingia na mbwa wake, faini inaweza kufika dola 2,500. Ndiyo sababu mhudumu hathubutu kudadisi zaidi, na ndiyo sababu uongo wangu ulipita kwa urahisi.

Lakini si jela iliyoninyima usingizi usiku ule. Ni ile mikono ya mzee.

Niliporudi Nairobi, kizibao kilikuwa sandukuni mwangu. Binamu yangu hajaniuliza hadi leo.