Kihariri kilichorudisha riba ya zamani

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakiwasha halafu tunakisahau: kihariri cha msimbo kuhifadhi faili chenyewe.

Hapa Iguhu lazima ukipende. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma stima hupotea, na kompyuta ya mezani haikungoji umalize sentensi. Vim huweka akiba kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuchapa kwa sekunde 4. Emacs hungoja mibonyezo 300 au sekunde 30 za utulivu. VS Code, ukiiwashia huduma hiyo kwa kuchelewesha, huhifadhi baada ya milisekunde 1,000. Lakini angalia tofauti: wawili wa kwanza huandika pembeni, huyu wa tatu huandika juu ya faili lenyewe. Kwa faili unaloandika wewe, hakuna shida. Kwa faili linaloandikwa na kompaila, sasa kuna waandishi wawili.

Nilitengenezea chama kimoja cha akina mama programu ya mikopo. Waliposhusha riba kutoka asilimia 10 hadi 8, nilibadilisha msimbo wa TypeScript, nikakompaili, nikajaribu, ikakubali. Faili la JavaScript lililozalishwa lilikuwa wazi kwenye kihariri (sitakitaja jina), kwa kuwa nilikuwa nikilichungulia tangu asubuhi. Stima ikapotea. Iliporudi, kihariri kikanirudishia madirisha yote "kama yalivyokuwa", lile la JavaScript likiwa na nakala ya asubuhi, kisha kikalihifadhi kimya kimya.

Nikaendesha make. Ikajibu kwamba hakuna la kufanya.

Hapo ndipo penye utamu, au uchungu. Make, iliyoandikwa na Stuart Feldman kule Bell Labs mwaka 1976, haisomi yaliyomo. Hulinganisha saa tu: faili lililozalishwa likiwa jipya kuliko chanzo chake, kazi imekwisha. Nakala ya asubuhi ilikuwa na muhuri wa jioni. Kwa make, hiyo ndiyo mpya.

Siku ya mkutano, mkopo wa shilingi 6,000 ukatoa riba ya 600 badala ya 480. Wanachama wakamgeukia mweka hazina: hizo 120 zinaenda wapi? Akanipigia simu. "Mwanangu, hii mashine yako inanigombanisha na wenzangu."

"Mama, nipe dakika kumi."

Zilikuwa karibu arobaini. Nilisoma chanzo mara tatu, na chanzo kilikuwa sahihi! Git nayo haikuona badiliko lolote, maana faili zilizokompailiwa tunaziweka kwenye orodha ya kupuuzwa. Mwishowe nilifuta folda nzima ya matokeo, nikakompaili upya, nikamtumia. Risiti zikachapishwa tena, kila mama akarudishiwa chake mbele ya wote.

Kujihifadhi sijakuzima, na mvua hizi nitawezaje? Nilichofanya ni kuifunga folda ya matokeo isiandikwe na kihariri. Kwenye VS Code mpangilio wake ni files.readonlyInclude, uliokuja mwaka 2023. Kuchungulia ruksa, kuandika hapana. Na kila stima inaporudi, kabla ya make yoyote, naanza na make clean. Kwa mradi wa chama hilo huchukua sekunde sita hivi.