Samaki wa Feri na marafiki: kila nyumba kwa mfuko wake, sinia moja

Ukishuka mwendokasi kituo cha mwisho, Kivukoni, huna haja ya kuuliza soko la samaki liko wapi. Fuata harufu na kelele. Jirani ni foleni ya pantoni ya Kigamboni, na Ikulu haiko mbali. Soko lenyewe ndilo Feri, ambako Dar es Salaam hununua samaki. Majengo yake yalijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani na kufunguliwa mwaka 2002.

Wengi huja kununua na kuondoka. Lakini Feri ni mahali pa kula pia, na kwa marafiki wenye watoto pana faida moja ambayo mgahawa wa kitambaa cheupe hauna.

Nitoe mfano. Kuna nyumba tatu ninazozifahamu, marafiki wa siku nyingi, waliokuwa wakikutana mara moja kwa mwezi kwenye mgahawa wa samaki katikati ya mji. Bili ilikuwa ikigawanywa kwa tatu. Baada ya muda nyumba moja ikaanza kuwa na udhuru: leo mtoto ana homa, mwezi ujao kuna msiba kijijini. Mwishowe mama wa nyumba hiyo akamwambia mwenzake ukweli. Wanawe walikuwa wakila chipsi na soda, lakini yeye alilipia kamba wakubwa na pweza wa meza nzima. Tuseme bili ni shilingi 180,000: kila nyumba inatoa 60,000, hata iliyokula ya 25,000. Kusema aliona aibu, basi akaacha kwenda.

Urafiki mwingi wa watu wazima hufa hivyo, bila ugomvi. Na watoto nao hupoteza wenzao bila kujua sababu.

Sasa wanakutana Feri. Kila nyumba hununua samaki wake kwa uwezo wake. Mwenye nafasi anachukua kolekole au nguru, mwingine anachukua changu, mwingine fungu la vibua. Kisha samaki wanapelekwa kwa wanaopara, wanaotolewa magamba na matumbo, halafu kwa wakaangaji wenye makarai makubwa ya mafuta. Wakishaletwa mezani pamoja na ugali, kachumbari, ndimu na pilipili, hakuna anayeuliza kibua kimetoka kwa nani. Tena watoto ndio wa kwanza kumaliza vibua.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kujaribu, zingatia haya.

Nenda asubuhi, lakini acha vurugu za mnada zipungue kwanza. Watoto wavae viatu visivyoteleza, maana sakafu huwa na maji muda wote. Wadogo washikwe mkono, na wasisogee kwenye makarai.

Patana bei kabla ya kila hatua: kununua, kupara na kukaanga. Hizo ni kazi za watu tofauti na kila mmoja ana malipo yake. Ukishamkabidhi mtu samaki wako bila kupatana, nguvu ya kujadiliana umeiacha mkononi mwake.

Mtazame samaki kabla ya kulipa. Macho yawe angavu, yasiwe yamezama. Mashavu ndani yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi juu, ni mzima, ikibaki na shimo, mwache.

Kwa watoto wadogo, nguru ni rahisi kuliko vibua, kwa kuwa miiba yake ni mikubwa na huonekana. Hata hivyo mchambulie mtoto kwa vidole vyako, usiyaamini macho peke yake.

Waulize wazazi wenzako kuhusu mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Mtoto anayekula samaki vizuri anaweza kudhurika na kamba, kaa, ngisi au pweza. Na karai moja huweza kukaanga vyote, hivyo kama kuna mtoto wa namna hiyo, sema mapema. Akianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida, ni hospitali mara moja.

Mkishashiba, vukeni na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli ni ndogo na kwa mtoto hiyo ni safari ya meli kamili. Au tembeeni kandokando ya bandari hadi kanisa la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu, lililojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Na kama mnaupenda mgahawa, endeleeni nao. Ila semeni utaratibu kabla ya kuagiza: kila nyumba na bili yake. Samaki anayeuzwa kwa uzito apimwe na bei itajwe kabla hajaingia jikoni. Ni vizuri mwenye uwezo mkubwa zaidi ndiye aanze kusema hivyo, kwa sababu yeye hatoonekana anakwepa kulipa.

Wikiendi ijayo, mpigie yule rafiki ambaye siku hizi ana udhuru kila mara. Usimhoji kwa nini haji. Mwambie tu, “Mama Fulani, tukutane Feri Jumamosi, kila mtu na samaki wake, tule sinia moja.” Huenda huo ndio mwaliko aliokuwa akiungoja.