Samaki Watano wa Boom

Boom lilipoingia sikununua viatu. Nilishuka Kariakoo nikanunua gapi watano, wale wadogo wenye mikia ya rangi. Mdogo wangu, niliyemleta Kurasini baada ya kumzika mama, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: samaki wa kuangalia.

Daladala la Mbagala lilikuwa limejaa, jua kali. Mfuko nikaukumbatia mpaka kituo cha Uhasibu. Getoni nikajaza tangi maji ya bomba, nikawamimina. Asubuhi wote walikuwa wanaelea. Dogo hakulia. Aliniuliza tu kama nao walikuwa wanaumwa.

Hawakuumwa, niliwaua mimi. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaunguza matamvua. Halafu niliwatoa kwenye mfuko wenye joto nikawatupa ghafla kwenye maji ya baridi.

Mara ya pili tulikinga maji siku moja kabla, ndoo tukaiacha wazi. Nikaenda Kariakoo jioni, nikarudi na mfuko umefungwa kwenye kanga ya mama. Tukauacha uelee ndani ya tangi dakika 20, taa tumezima. Kisha kila dakika 5 tukatia humo nusu kikombe cha maji ya tangi, taratibu (mgeni hapokelewi kwa ndoo ya maji usoni). Mwisho tukawavua kwa chujio la chai. Maji ya mfuko, yenye uchafu wao, tukamwaga nje. Siku hiyo hawakulishwa. Hapo dogo alibisha sana.

Saa kumi usiku akaniamsha.

“Kaka, wote wanaogelea.”

Nikamwambia alale, kesho shule. Akabaki palepale, na tochi ya simu yangu.