Safari Yetu ya Kisantu: Habari za Kokwa ya Msafu

Mwalimu akikosea ubaoni, kosa lake hufutwa kwa kitambaa. Akikosea bustanini, kosa laweza kudumu kuliko yeye mwenyewe. Sisi tulikosea hivyo, na leo twataka kuwasimulia, wasomaji wapenzi, ili wazazi na wanafunzi wapate faida katika hasara yetu.

Huku kwetu Maniema, kando ya njia iendayo shuleni, ulisimama msafu mkubwa. Ninyi mwajua safu: tunda la rangi ya zambarau, lenye nyama ya mafuta, ambalo hulainishwa kwa maji ya moto au kwa majivu, kisha likaliwa pamoja na mhogo au ndizi. Misafu si haba katika nchi yetu, lakini ule ulikuwa na sifa yake: matunda makubwa, nyama nene, uchachu kidogo tu. Mwenye kiwanja alitujulisha kwamba ataukata apate kujenga. Basi tulikusanya kokwa zake pamoja na wanafunzi wa darasa la sita, tukazianika juani juu ya mkeka mmoja na mahindi na maharagwe. Zilipokauka kabisa tulizitia katika kopo, tukafunga, tukangoja mvua.

Mti ulikatwa wakati wa kiangazi. Mvua za Septemba ziliponyesha tukapanda kokwa zote, wala hata moja haikuota. Kila asubuhi watoto walikwenda kuchungulia kitalu kabla ya kengele, hata wakachoka. Mama mzee jirani yetu, aliyeyala matunda ya mti ule tangu utoto wake, alituuliza kwa upole: «Mwalimu, watoto wa mti wetu wako wapi?» Hatukuwa na jibu.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, tulipata safari ya kwenda Kinshasa kwa kazi ya shule. Kazi ilipokwisha tukajipatia siku mbili ili twende Kisantu, mwendo wa kilometa 120 hivi kwa barabara ya Matadi. Tangu tulipokuwa seminarini tulisikia sifa za bustani ile, wala hatukuwahi kuiona kwa macho.

Bustani ya mimea ya Kisantu iko kando ya mto Inkisi, nayo yapata hekta 225. Aliyeianzisha ni Furere Justin Gillet wa Shirika la Yesu, Mbelgiji aliyefika Kongo mwishoni mwa karne ya 19. Kwanza alitafuta mboga na matunda ya kulisha misioni. Kisha alianza kukusanya mimea ya nchi na kuagiza mbegu za ng'ambo, apate kujua ni ipi itakayoupenda udongo wa hapa. Hakuiacha kazi hiyo hata alipofariki mwaka 1943. Wataalamu wameuita mti mmoja wa Kongo Gilletiodendron kisantuense, hivi kwamba jina la furere na jina la mahali yote mawili yamo katika jina la mti. Nao wenyeji waliochimba mashimo, waliochota maji na kuonyesha njia za msituni, wengi wao majina yao hayasomeki popote. Yafaa tuwakumbuke nao pia.

Leo bustani husimamiwa na ICCN, taasisi ya Serikali ihifadhiyo viumbe vya asili, na tangu mwaka 2004 Bustani ya Meise ya Ubelgiji imesaidia kuitengeneza upya. Tulitembea polepole chini ya miti mirefu. Tuliona michikichi ya namna nyingi, na mangostini, mti wa matunda uliotoka Asia.

Katika kitalu tulimkuta mtunza bustani mmoja, mtu wa makamo, mwenye udongo mikononi. Tulimsimulia habari ya msafu wetu.

«Kokwa mlizikausha?» akauliza.

«Ndiyo, zilikauka vizuri sana.»

«Basi mliziua, Mwalimu.»

Akatueleza kwa subira, kama sisi tuelezavyo watoto hesabu. Mbegu ni za namna mbili. Mahindi, maharagwe na lengalenga, mbegu zao zikikauka hulala usingizi. Huamka zikipata maji. Lakini safu, avoka, kakao na mangostini, kokwa zao hazijui kulala. Hutoka katika tunda zikiwa na maji yake, na zikikauka hufa. Sharti zipandwe ndani ya siku chache, mbichi, kivulini, katika udongo wenye unyevu. Hakuna kopo liwezalo kuzitunza hata mwaka ujao. Mti wa namna hiyo hutunzwa kwa njia moja, yaani uwepo mti wenyewe, umesimama, na pawe na mtu wa kuuangalia. Hapo ndipo tulipofahamu kazi ya bustani kama ile. Ni ghala, lakini ghala la vitu vilivyo hai.

Tukadhani somo limekwisha, kumbe bado. «Hata kama zingeota,» akasema, «mtoto wa msafu hafanani sikuzote na mama yake. Mwingine huzaa matunda madogo na machachu, mwingine hauzai kabisa. Mti mwema huchukuliwa kwa tawi.» Akatuonyesha namna ya kufanya. Wakati wa mvua huchaguliwa tawi lenye afya, unene wake kama kidole gumba. Hubambuliwa gome kuzunguka tawi, upana wa vidole viwili. Pale palipobambuliwa hufungwa unga wa mbao uliolowa maji, katika kipande cha plastiki, na kamba hukazwa juu na chini. Baada ya miezi kadhaa mizizi huonekana ndani ya plastiki. Ndipo tawi hukatwa chini ya mizizi, likawekwa kitaluni kivulini mpaka lipate nguvu. Mti wa namna hii huwa na sifa za mama yake, tena huzaa mapema kuliko ule wa kokwa.

Tuliporudi tulifikiri sana juu ya jambo hilo. Kahawa iitwayo robusta ilitoka katika misitu ya Kongo, pande za mto Lomami. Mwaka 1900 kampuni moja ya Bruxelles iliuza miche yake kwa jina hilo, na mwaka 1901 ikafika Java, mahali ambapo kahawa nyingine zilikuwa zikiangamizwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Mmea wa kwetu umevuka bahari kwa sababu watu walijua kuutunza njiani. Na sisi tulishindwa kuuvusha msafu kutoka njiani mpaka uwanja wa shule!

Basi, ndugu wazazi, msingoje bustani kubwa. Nyuma ya nyumba, mahali pa hatua kumi kwa kumi panatosha kuanzia. Mbegu za lengalenga na maharagwe zianikeni, mzifunge katika kopo kavu. Kokwa za safu na avoka zipandeni mara moja. Ukiwapo mti mwema kwa jirani, mwombeni tawi wakati ungali umesimama. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee majina ya mimea, mkayaandike juu ya vibao katika lugha zenu.

Sisi tulikwenda kwa yule mama mzee, kwa maana nyuma ya jiko lake una msafu wake. Si sawa na ule wa njiani, ule umekwisha. Lakini matunda yake ni mazuri. Alituruhusu kufunga matawi manne. Matatu yalitoa mizizi, moja likakauka. Septemba tulipanda mche mmoja shuleni, mmoja karibu na kanisa, na wa tatu tukampelekea mwenyewe.

Aliushika, akautazama kitambo. «Mwalimu, huu nani atakula matunda yake?»

«Watoto wa darasa la kwanza, Mama.»

«Basi wachote maji,» akasema, akainama kutafuta mahali pa kuchimba.