Mwenye Ufunguo na Mwenye Mteja

Uyole ndipo barabara ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Tunduma. Penye njia panda kama ile watu hutafuta fremu za maduka na stoo za viazi, na dalali hakosi kazi. Mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au mwaka, kisha hutoa kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Hilo twalijua sote. Lisilosemwa sana ni kwamba dalali huyo mara nyingi ni watu wawili, pengine watatu.

Mmoja ana ufunguo, kwa kuwa mwenye nyumba anamwamini. Mwingine ana mteja, aliyekutana naye Mwanjelwa akiulizia mahali pa kuuzia mbolea. Kodi ikiwa shilingi 150,000 kwa mwezi, basi hiyo 150,000 ndiyo yote wanayogawana, na desturi ni nusu kwa nusu. Mwenye ufunguo atanung'unika kwamba nyumba ameilinda miezi. Mwenzake atajibu kwamba fremu isiyo na mpangaji ni kuta tu. Nimewasikiliza wote, na sioni aliyemzidi mwenzake haki.

Tatizo ni kwamba mgawo hutajwa baada ya mteja kuonyeshwa mlango. Marekani, ambako madalali wa nyumba walijiundia chama huko Chicago mwaka 1908, orodha zao za pamoja kwa miaka mingi zilitaja mapema fungu la dalali atakayemleta mnunuzi. Baada ya wauzaji kushtaki kwamba mzigo huo waubeba wao, fungu hilo liliondolewa katika orodha Agosti 2024, na sasa hupatanwa kando. Kwetu Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamtambua wakala, na mapatano ya mdomo nayo yana nguvu. Lakini nani atafungua kesi kwa shilingi 75,000, shahidi wake akiwa yule yule aliyezila?

Mimi nina fremu moja pale. Siku moja mwenye ufunguo alimnong'oneza mpangaji namba yake ya simu, na kesho yake wakaja wawili tu, fedha mkononi. Jioni iliyotangulia yule wa tatu alikuwa amepita kwangu kunisalimu, akanieleza alikomtoa mteja na nauli aliyotumia. Nikawaambia, "Vijana, mkataba nitautia saini mkiwa watatu." Mpangaji alikasirika, alikuwa na mzigo garini. Mwenye ufunguo akaniuliza, "Mzee, hayo yanakuhusu nini, nawe kodi yako umeletewa kamili?"

Swali lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba fremu ikiwa tupu tena, nitamhitaji yule mwingine kuliko yeye.

Walirudi watatu saa kumi, wakahesabiana mezani pangu bila kutazamana. Mwenye ufunguo aliuacha ufunguo pale mezani, na hajauchukua hadi leo.