Siku ya Njuga huko Bampton

Leo twendeni pamoja hata Bampton, kijiji cha Uingereza kilicho magharibi ya mji wa Oxford. Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi wa Mei, watu wake hucheza ngoma ya kale iitwayo Morris. Zamani siku yake ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste.

Asubuhi tulisikia njuga kabla hatujaona watu. Kisha wakatokea wanaume sita, safu mbili, wamevaa nguo nyeupe na kofia nyeusi zenye maua. Njuga zilifungwa chini ya magoti, na mikononi walishika leso nyeupe. Fidla ikalia, wakaruka pamoja, na leso zikapaa pamoja. Mchekeshaji wao aliwatania watazamaji. Mwingine alichukua upanga uliotungwa keki ndani ya kopo. Aonjaye kipande huambiwa atapata heri.

Siku nzima walizunguka kijiji, kwanza kwenye bustani za nyumba, kisha kwenye nyumba za pombe. Hapo hucheza nje, barabarani, ili wazee na watoto nao wapate kuona. Wakimaliza hunywa bia kidogo, hufuta jasho, huendelea mbele.

Jambo moja lilitugusa moyo. Vijana walicheza bega kwa bega na wazee, wakiitazama miguu yao. Ndivyo ngoma ilivyodumu hapo. Mzee William Wells, mpiga fidla aliyefariki mwaka 1953, aliwafundisha vijana miaka mingi.

Vijiji vingi havikubahatika hivyo. Ngoma hii, iliyotajwa katika hesabu za London tangu mwaka 1448, ilikaribia kufa katika karne ya 19. Huko Headington Quarry, karibu na Oxford, tarehe 26 Desemba 1899, baridi kali ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi. Mwashi William Kimber na wenzake wakatoka kucheza ili wapate senti chache. Mwalimu wa muziki, Cecil Sharp, akawaona. Kesho yake akamwita Kimber, akaandika nyimbo zake. Mwaka 1905 Kimber alikwenda London kuwafundisha wasichana wa kazi, nao wakawafundisha wengine. Hata vita haikuizima ngoma hiyo, ingawa wachezaji wanne wa kikundi cha Sharp waliuawa vitani mwaka 1916.

Jioni njuga zilivuliwa moja moja. Tulimwona mtoto mdogo amelala begani mwa babaye, naye njuga zake zingali mguuni.

Ndugu wasomaji, ngoma haiwekwi sandukuni. Hukaa miguuni mwa mtu, na mtu hufa. Babu yako angali anaijua ngoma ya ukoo wenu? Basi nenda ukamwombe akufundishe, usingoje kesho.